Kuku Aliyetembea

Kambi ya reli, Kilosa
4 Rajabu 1327

Dada yangu Mwanaasha, shikamoo. Hujambo, na mpwa wangu Salum hajambo? Mimi mzima kiasi, ila mguu.

Kubeba mataruma, yale magogo ya kulalia reli, kumenishinda. Goti limevimba, na mfupa umepinda pale ulipovunjika. Daktari wa Kidachi ameupapasa, akasema mfupa mchanga ni laini, na wangu ulifunguliwa mabanzi kabla haujakomaa. Nikamweleza kwamba mganga aliponifunga alimvunja na kuku mguu, akamfunga vilevile. Kuku akitembea, nami nafunguliwa. Na kuku alitembea. Akacheka. Hebu muulize mganga, dada.

Mdogo wako, Pazi

Bigwa
19 Rajabu

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima, mahindi yamekubali. Anayeniandikia ni Salum, anakuamkia mjomba wake.

Usimsikilize Mdachi, mambo yetu atayajulia wapi? Ni baridi ya huko imekuingia. Jikande maji moto, ujipake mafuta ya nyonyo. Mganga nimemkosa, yuko Turiani.

Dada yako, Mwanaasha

Kilosa
6 Shaabani

Dada, shikamoo.

Jirani yetu Yunusi amepita hapa na mizigo. Anasema kuku wangu alimwona mlimani kwa shoga yako Hidaya, anachechemea na mabanzi yake, na mimi nilikuwa nimeshaondoka. Basi yule uliyemwonyesha mganga uani alikuwa mwingine, wa rangi ileile.

Jumbe alitaka mtu mmoja kila nyumba aje kwenye reli. Mimi ningebaki kitandani, angekuja Salum. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakunywa uji wa mkono wako. Ungeniomba, dada. Mguu ulikuwa wangu, na hukuniuliza.

Nduguyo, Pazi

Bigwa
15 Shaabani

Mdogo wangu Pazi, salamu nyingi. Anaandika Yakobo wa misheni, maana Salum hayupo.

Alinisomea barua yako mpaka mwisho, akaniuliza kama ni kweli. Nikampakulia chakula. Hakula, na alfajiri hakuwepo. Najua anakuja kwako. Niliwatazama nyote wawili, mmoja nimemzaa. Nichukie mimi, Pazi. Yeye mrudishe, nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya.

Dada yako, Mwanaasha

Kilosa
22 Shaabani

Dada,

Salum amefika. Aliutazama mguu wangu, akalia, akasema amekuja kushika nafasi yangu. Nikamwambia asiwe mjinga, asubuhi arudi kwa mama yake. Nilisema hivyo kwa moyo mmoja, Mungu ni shahidi.

Asubuhi tulipotoka, nyapara akatukuta. Akaniuliza kijana huyu ni nani, na ni mzima? Ningeweza kusema mgonjwa, au mpita njia, au lolote. Mguu uliniuma sana. Nikasema ni mpwa wangu, na mifupa yake yote ni mizima.

Mimi wameniachia. Nakuja taratibu. Nitandikie pale alipokuwa akilala Salum.

Mjomba wake, Pazi