Mama Fausta bado amekaa dukani

Tadei, acha unachofanya usome hapa. Basili leo kaaibika dukani kwake kwa kompyuta mpaka basi.

Mama Fausta kaja kutoka Balangdalalu na CD ya marehemu mumewe akiwaimbia ng'ombe wake. Ni hiyo moja tu. Wajukuu hawajawahi kusikia sauti ya babu yao, anataka iingizwe kwenye simu.

Basili kaiweka, kompyuta kimya. Akasema Linux, ile programu inayoendesha kompyuta yake, imepoteza draiva, yaani kiprogramu cha kusomea CD. Akaweka draiva upya, akazima, akawasha. Kimya. Akaandika amri, ikajibu kwamba mlango wa CD inauona, ila ndani hamna kitu. Hamna kitu! Na CD imo!

Ndipo akamwambia, "Mama, CD imekufa."

Imekufa, Tadei. Anamwambia mjane hivyo!

Mama akasema, "Haiwezi kufa. Kila mwezi naipaka siagi."

"Siagi?"

"Mtu wetu tukimbariki tunampaka siagi. Hiyo si sauti yake?"

Ndipo Basili akaitoa CD na kuigeuza: siagi tupu. Asubuhi nzima anaitukana Linux, CD yenyewe hakuigeuza aitazame.

Kaiosha kwa sabuni, sasa inang'aa. Lakini siagi imeshafika kwenye lenzi ya kusomea ndani ya kompyuta, mashine haisomi CD yoyote.

Wewe unayo ile kompyuta ya zamani inayosoma CD huko Endasak. Panda pikipiki uilete. Mama kakataa kuondoka, simu kaishika mkononi. Kila Basili akijisogeza anamuuliza, "Ameanza kuimba?"