Jumapili Niliyozima Seva za Hospitali

Jumapili. Baridi ya leo ni ya kukaza vidole, na ukungu haukuachia barabara ya Milanzi mpaka watu walipotoka misa ya pili.

Mimi sikwenda kanisani. Nilikuwa na seva za kuzima.

Seva za hospitali yetu zina nakala kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali tunazokodi. Kinachoandikwa hapa kinafika kule baada ya muda mfupi. Radi ikituunguzia seva, nakala zichukue kazi. Ndivyo tulivyoamini, ila hatukuwahi kujaribu. Mwenzangu alihamia Dodoma, na tangu hapo kitengo cha kompyuta ni mimi.

Leo nilitaka kujaribu. Niliomba ruhusa kwa daktari wa zamu, nikamwambia Yustina wa mapokezi aandike wagonjwa kwenye karatasi kwa muda. Kisha nikazima. Chumba kile hunguruma kutwa. Kiliponyamaza nikasikia kwaya ng'ambo ya barabara, nikajiona nimeachwa.

Nakala mbili ziliamka vizuri. Ya tatu, yenye kumbukumbu za wagonjwa, iliamka pia, lakini hakuna kompyuta ya hospitali iliyoiona.

Hapo Yustina akapiga simu. Ameletwa mama mwenye uchungu kutoka Kasense, amewahi kufanyiwa upasuaji, na kadi ya kliniki imesahaulika nyumbani. Daktari anataka faili lake.

"Dada, nimwambie daktari asubiri au asisubiri?"

Kuwasha tena seva za hapa kungechukua muda zaidi. Nilimwomba Yustina asikate. Kwa simu ya ofisi nikampigia mwenzangu wa zamani. Iliita mpaka ikakatika.

Nikaketi sakafuni na kompyuta mapajani, nikafuatilia mtandao kipande kwa kipande mpaka nikaona: kompyuta zote zilikuwa bado zinaitafuta seva niliyoizima. Nikabadilisha anwani, zielekee kwenye nakala. Kwenye simu nilikuwa namsikia Yustina akipumua.

"Limefunguka," akasema.

Mtoto wa kike. Amezaliwa kwa upasuaji, na mama yuko salama.

Nilirudisha kazi kwenye seva zetu, nikahakikisha hakuna kilichopotea. Kwenye korido nilimwamkia bibi wa mtoto, shikamoo. Aliitikia marahaba, akaniuliza kwa upole kama na mimi nina mgonjwa humu. Nikasema hapana.

Daktari alinipongeza, halafu akauliza, "Na siku wewe ukiwa hupo?"

Nilicheka.

Nikiumwa nalala na simu kifuani. Krismasi iliyopita sikwenda kwa mama yangu, na hata yeye aliacha kuniuliza sababu. Nilikuwa naliita hilo bidii, na kusema kweli nilipenda kuwa mtu pekee anayejua. Leo mwanamke amelala na uchungu akinisubiri mimi peke yangu.

Nimerudi nyumbani, ugali wa ulezi umepoa mezani. Nimemwandikia Yustina ujumbe: kesho baada ya zamu apite ofisini, nimfundishe kuhamisha kazi kwenye wingu. Nikaongeza kwamba nitapika chai. Nikautuma kabla sijaufuta.

Ameusoma. Bado hajajibu.