Vikombe vya Kitabuni

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
14 Juni 1975

Mpendwa dada Anjelina,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na shemeji ameshapona kile kikohozi? Sie huku wazima. Tunakula ugali wa unga wa njano. Tumbo limeshauzoea, macho bado.

Yuliana wangu ameanza chekechea. Wanasomea kwenye chumba cha tawi la chama, ukuta kwa ukuta na banda langu la kuchongea, basi na mie nasoma bila kuandikishwa. Mwalimu wao anaitwa Kokushubila, mwenyeji wa Bukoba. Amepata kitabu cha hesabu chenye picha, kila ukurasa tarakimu moja na vitu vyake. Moja ni jogoo. Nne ni samaki wanaocheka; mchoraji nadhani hajawahi kumpara samaki.

Saba ni watoto wamekaa mkekani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jokha, mjukuu wa Bibi Bahiya mwenye duka, aliufunika ukurasa kwa viganja vyote viwili. "Watu hawahesabiwi. Watakufa."

Yuliana naye akafumba macho, na mie baba yake sijamfundisha hayo.

Kesho yake Jokha hakuletwa. Keshokutwa yake na wenzake wengi hawakuletwa. Katibu wa tawi akachungulia, akasema darasa likibaki tupu, chumba kitawekwa magunia ya mahindi. Mwalimu akakaa na kitabu chake mapajani, hageuzi hata ukurasa.

Nami nikabaki najiuliza. Bibi Bahiya ana wajukuu tele. Magharibi ikifika, anajuaje kwamba wote wamerudi, bila kuwahesabu? Nikachukua mwiko mpya, nikajifanya nimekwenda kuuza, nikamdodosa.

"Kasimiri, wewe unachonga au unapeleleza?" akaniuliza. Halafu akacheka. "Mie naangalia vikombe vya chai. Kikombe kikibaki, mwenyewe yuko barabarani."

Nikampelekea mwalimu habari hiyo. Akachukua penseli, akawachorea vikombe wale watoto wa mkekani, kisha akaenda mwenyewe dukani kumwomba Bibi aje aone.

Bibi akaja na Jokha, na kina mama wakajaa mlangoni. Akakisogeza kitabu karibu na macho, akahesabu vikombe kimoja kimoja kwa sauti, akakomea sita. Akainua uso.

"Mwalimu, huyu wa mwisho umemnyima chai kwa kosa gani?"

Wakaangua kicheko, wa ndani na wa mlangoni. Jokha akaomba penseli, akamchorea yule mtoto kikombe kikubwa kuliko kichwa chake. "Saba," akasema.

Darasa limejaa tena, na magunia yametafutiwa pahala pengine. Mwalimu anaapa kwamba kile kikombe alikisahau. Nimemwangalia sana usoni, dada, na bado sijui.

Nisalimie mama mdogo Yustina, Romani na majirani wote wa hapo Newala. Mungu awajalie korosho nyingi na usingizi mtamu.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,

Kasimiri