Salamu Zimfikie Mwinjuma

Jumapili, 5 Juni 1994

Nimenunua kadi za salamu za kutuma redioni. Wifi Somoe kanicheka: kaka yake kafa, mie nimerithi redio pamoja na ugonjwa wake! Kweli. Mume wangu Mwinjuma alijulikana redioni hadi mikoa asiyowahi kuikanyaga. Nilikuwa nikimtania — unawasalimia watu usiowajua sura, jirani unampita kimya.

Nimejiwekea masharti. Mwanamume asiye ndugu, hapana. Eda nimetoka juzijuzi tu, na Kinondoni ina macho. Vijembe pia hapana. Somoe alitaka ujumbe uwe wa kelele za chura, ili Farida wa nyumba ya pili ajijue. Nimekataa. Atakayenisalimia nitamjibu. Na shangazi Huda asisahaulike, atanuna mpaka Idi.

Alhamisi, 9 Juni

Imesomwa! Nilikuwa nachagua mchele. Shangazi Huda, Samiha wa Temeke… kisha mtangazaji: na asikose mzee mzima, Mwinjuma wa Kinondoni!

Ungo ukanitoka mkononi. Nimeandika mwenyewe. Nikihesabu watu wangu, mkono huwa unaanza na yeye.

Somoe aliuokota ungo. Halafu: "Wifi, umemsalimia kaka. Kajibu?"

Tulicheka mpaka tukalia.

Jumamosi, 18 Juni

Wanamjibu! Suleiman wa Tanga anasema walidhani Mwinjuma kawahama, karibu tena. Mwingine wa Songea anamwomba asipotee hivyo. Somoe kanuna: marehemu anasalimiwa kuliko yeye mzima.

Yanipasa kutuma kadi niseme kafariki. Nimeitoa, nimeiweka mezani. Lakini ikisomwa hiyo, nani atamtaja tena? Jioni nimefunikia glasi ya maji.

Jumatano, 22 Juni

Bado. Kadi ina duara la maji.

Leo wamemtaja mara mbili.

Jumatatu, 27 Juni

Ya Rabi! Adelard wa Bukoba. Huyu na Mwinjuma walisalimiana miaka na miaka bila kuonana. Ujumbe wake: naja Dar, mpwa wangu anaoa, Mwinjuma tandika mkeka.

Nimeandika kadi mbio — Mwinjuma hatunaye, alifariki, mkewe anawashukuru nyote — nikaipeleka posta nikiwa na kanga ya ndani. Somoe: "Mtu kishapanda meli, wifi. Atakusikiaje katikati ya ziwa?"

Jumapili, 3 Julai

Kaja.

Kaletwa na Farida. Farida, ambaye neno halilali kwake! Leo kasema tu, mgeni wenu huyu, akageuka upesi. Amenitupia mie mzigo wa kumwambia.

Mrefu, mvi kidogo, suti ya harusi. Kaleta kahawa ya kutafuna imefungwa kwenye ganda la mgomba. "Shemeji, shikamoo yako naipokea kwa niaba ya Wahaya wote! Huyo bwana kajificha wapi?" Nikasema karibu, keti kwanza, uvute pumzi. Akauliza kaenda mbali? Nikasema mbali kidogo. Astaghfirullah. Ulimi wangu huu!

Niko jikoni, nachemsha chai. Naandika nimesimama. Huko ukumbini anamsimulia Somoe jinsi Mwinjuma alivyomtumia pole redioni mama yake alipofariki, na yeye akalia mbele ya wateja dukani kwake. Anamsimulia dada wa marehemu, hajui. Somoe anaitikia eeh, eeh.

Sasa anaomba tuwashe redio, kipindi cha salamu kinaanza. Kadi yangu! Za Jumatatu ndizo wanazozifikia leo.

Somoe kaja mbio jikoni, redio iko huku. Kachomoa mawe ya redio, kayafunga kwenye pindo la kanga, ananiangalia. Kamwambia mgeni yamekwisha nguvu.

Mgeni kacheka. Hapana neno, shemeji zangu, mtuma salamu hasafiri bila mawe — anayo mapya begini.

Nasikia anafungua begi. Somoe ananisukuma mgongoni. Acha nitoke, anisikie mie kwanza —