Siku Nilizohesabu Vibaya

Kagugu, Gasabo,
Kigali.
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Mpendwa Mama mdogo Flaviana,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia umeanza kuukanyaga bila fimbo, nikakwambia usijifanye kijana. Naomba safari hii unipe ukweli, si ule ukweli wako wa kwenye simu. Na baba mdogo, presha imetulia? Au bado anajiongezea chumvi ukigeuka?

Sisi hapa tupo. Kaliza ameota jino la pili na anauma kila kitu, hata kidevu changu. Baba yake, Rwema, anaendelea na useremala pale Gisozi. Mwezi huu wana vitanda vingi, anarudi na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Mimi mwili ni mzima, usingizi ndio sina, lakini hilo kila mwenye mtoto mchanga atakwambia.

Mama mdogo, nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nitalia kabla sijafika katikati, na wewe utadhani kuna msiba. Hajafa mtu. Ila nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu tulipovuka mpaka kutoka Karagwe kurudi huku.

Unaijua kazi yangu ya usaidizi wa kisheria. Wewe ndiye uliyelitangazia kanisa zima kwamba binti yako ni wakili, nikakuomba uache. Mimi si wakili. Nasikiliza watu wasioweza kumlipa wakili, nawaandikia karatasi zao, nawaambia waende ofisi gani na kabla ya tarehe gani. Basi. Na kwa kuwa sheria hazikai kama zilivyo, shirika letu linatupa semina kila baada ya miezi michache, kutwa nzima, kisha unapewa cheti. Bila cheti kipya huruhusiwi kukaa mezani na watu.

Semina ya Agosti niliihudhuria nusu. Daftari la mahudhurio husainiwa asubuhi. Nilisaini, nikasoma mpaka saa ya chakula, halafu maziwa yakaanza kunivuja, na jirani niliyemwachia Kaliza akapiga simu kwamba mtoto amekataa chupa. Nikaondoka bila kumuaga mtu. Wiki iliyofuata cheti kikaja kama cha wenzangu, jina langu limeandikwa vizuri, nikakipokea na kunyamaza. Si mimi peke yangu niliyewahi kufanya hivyo, lakini sikuandiki barua hii ili niwaseme wengine.

Somo la mchana ule lilikuwa kuhesabu siku. Yaani mtu akishindwa shauri, siku zake za kukata rufaa zinaanza kuhesabiwa lini. Nilijua ni siku thelathini. Nikajiambia, nani asiyejua kuhesabu mpaka thelathini.

Sasa kuna mama mmoja anakaa Gisozi, anaitwa Mukunde. Ni mjane, ana watoto watatu. Shemeji yake anadai kwamba ile nyumba wanamokaa aliuziwa na marehemu. Walikwenda kwa wasuluhishi wa mtaa, hawa tunaowaita abunzi, na Mukunde akashindwa. Siku ileile waliposomewa uamuzi alitia sahihi kwenye daftari lao. Nakala yenye muhuri aliipata wiki mbili baadaye, ndipo akaniletea. Mimi nikaangalia tarehe ya muhuri, nikahesabu kuanzia hapo. Nikamwandikia siku ya mwisho kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya karatasi.

Alikuja mara mbili kuniuliza. Mara ya pili alisimama mlangoni, hata hakukaa.

"Mama Kaliza, si tuipeleke tu leo? Roho yangu haitulii."

"Tulia, dada. Bado tuna wiki mbili na zaidi. Tusipeleke kitu nusunusu."

Akacheka kidogo. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Maneno hayo yananirudia hata nikiwa naosha vyombo. Siku ile bado tulikuwa ndani ya muda. Angekuwa mkaidi kidogo tu, au mimi ningekuwa na unyenyekevu kidogo, nisingekuwa nakuandikia haya.

Tarehe 27 mwezi uliopita tulikuwa na semina nyingine. Safari hii nilikwenda na Kaliza mgongoni, nikasema nitakaa mpaka mwisho hata akilia. Mkufunzi wetu ni Oswald, Mtanzania wa Ngara, mtu wa mzaha sana. Mchana akarudia kidogo mambo ya Agosti, akatoa mfano: mtu amesaini daftari tarehe hii, nakala yenye muhuri kaipata tarehe ile, siku zake zinaanzia wapi? Nikanyoosha mkono mimi. Nikasema zinaanzia kwenye muhuri.

Darasa likacheka. Oswald akasema, "Umulisa, wewe Agosti uliketi kiti gani? Kile cha mlangoni?" Kisha akaeleza kwamba mtu akishatia sahihi amekwisha kuarifiwa, muhuri ukija baadaye haurudishi siku nyuma.

Nami nilicheka nao. Nilikuwa nacheka huku nahesabu kwa vidole chini ya kanga ya mtoto. Siku za Mukunde zilikuwa zimekwisha tangu Jumatano. Siku tano zimepita. Nikahesabu tena, nikahesabu tena, zikawa ni tano zilezile.

Nilikaa mpaka mwisho, kama nilivyojiahidi. Halafu nikateremka moja kwa moja mpaka kwake. Nilimkuta anaanika nguo. Nikamwambia yote, mama mdogo, la muhuri, la daftari la mahudhurio, na la kile cheti. Hakunikatiza. Aliendelea kuanika mpaka beseni likawa tupu. Halafu akasema, "Kwa hiyo wasiwasi wangu ulikuwa na akili kukushinda."

"Ndiyo, dada."

"Mnyonyeshe mtoto, analia."

Afadhali angenitukana. Alinivutia kigoda, akaniletea maji, nikanyonyesha hapo mbele yake huku mtoto wake wa mwisho anachezea kiatu changu. Nilimtazama yule mtoto nikawaza atalala wapi.

Kesho yake tuliipeleka rufaa kwa mtandao, tukatakiwa kuieleza mahakama kwa maandishi kwa nini tumechelewa. Hapo ndipo hofu ya pili ilipoanza. Mkubwa wetu wa ofisi, mama Gahongayire, niliyekuwa nimemweleza yote, aliniita akafunga mlango. Alisema tuandike kwamba Mukunde aliugua, na karatasi ya zahanati haiwezi kukosekana. Si mtu mbaya, usimfikirie vibaya. Anaogopa kwamba likijulikana la daftari la mahudhurio, ofisi nzima itaaibika na watu watakosa pa kwenda. Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa mwoga, sikukataa palepale.

Aliyenitia nguvu, bila kujua, ni Mukunde mwenyewe. Nilipomweleza alikubali haraka. "Tuseme niliugua. Wewe una mtoto mdogo, usipoteze kazi kwa ajili yangu." Nilipomsikia anajitolea kusema uongo ili mimi nipone, niliona aibu iliyozidi woga. Nikamwambia, dada, wakikubana kwa swali moja tu ukababaika, hawatakuamini tena hata kwenye lile la nyumba. Uongo huo ni wangu na utakaa mdomoni mwako. Hapana. Akanuna, tukabishana kidogo, lakini sikurudi nyuma.

Basi nikaandika sababu kama ilivyo: kwamba msaidizi aliyemshauri alihesabu siku kimakosa kwa kuwa hakuhudhuria somo lililohusu jambo hilo. Nikaweka jina langu na sahihi. Gahongayire alisoma, akavua miwani. "Unajua unajiandikia nini?" Nikamjibu najua. Cheti cha Agosti nimekirudisha. Tangu wiki iliyopita sikai mezani, nafungua mafaili tu na kupokea simu.

Sikunyamaza kabisa, lakini. Kabla ya kutoka nilimwambia mambo mawili: daftari lisainiwe asubuhi na tena wakati wa kutoka, na kuwe na chumba cha kunyonyeshea palepale kwenye semina. La kwanza amekubali. La pili amesema ataona. Nitamkumbusha.

Oswald alinifundisha upya lile somo la mchana, sisi wawili, saa moja na nusu, na Kaliza akivuruga karatasi zake. Ni somo jepesi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimuuliza kama mahakama itatukubalia. Hakunidanganya. Alisema wengine husikilizwa na wengine hawasikilizwi, na kosa la msaidizi si lazima liwe la mwenye shauri, ila hakimu ndiye ataamua.

Tumeitwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Hakimu akikataa, uamuzi wa kwanza unabaki, na Mukunde anahama na watoto wake kabla ya Krismasi. Rwema anasema bora nije kwako Karagwe nipumzike, Mukunde aende na barua yangu, inatosha. Ananionea huruma. Lakini karatasi haiulizwi maswali. Mimi nitaulizwa, tena mbele ya yule shemeji. Nitakwenda. Kaliza nitakwenda naye.

Barua hii anakuletea dereva wa lori anayepitia Rusumo kesho, kwa hiyo itakufikia kabla ya siku yenyewe. Nina ombi moja. Jumanne asubuhi usinipigie simu. Najua utataka, tena utaishika simu tangu alfajiri. Ukiniita mwanangu tu, nitageuza njia nirudi nyumbani. Piga mchana, hata kama ni kwa ajili ya kulia.

Msalimie baba mdogo, na Kayitesi, na watoto wote wa pale nyumbani. Mwambie Kayitesi nimefurahi kusikia ameanza kozi ya uuguzi. Rwema anakusalimu sana.

Mungu akuponye mguu na akuzidishie siku. Ukisali usiku wa Jumatatu, mtaje Mukunde kwanza. Mimi nitaje ukibakiza pumzi.

Nabaki mwanao, ninayeogopa na ninayekupenda,

Umulisa, Mama Kaliza