Antestia kwenye Kitambaa cha Jumuiya

Jumatatu, 3 Februari
Nimetikisa kahawa tangu alfajiri. Nimepita kilabuni, wote wanaisimulia vibaya habari yangu. Eti juzi nililewa mbege nikainukisha jumuiya. Uongo. Mbege inileweshe mimi? Kata nzima ya Kilema hakuna wa kunishinda. Kilichonuka ni antestia. Mdudu wa kahawa, bapa, mgongo kama ngao, mweusi mwenye madoa ya chungwa. Ukimgusa ananuka kuliko soksi za shemeji Valeri.

Ilikuwa hivi. Alfajiri kuna baridi, mdudu amezubaa, haruki. Nikatandika kitambaa cheupe chini ya mkahawa, nikatikisa. Wakaanguka kama mvua. Kitambaa nikakikunja, nikakirudisha kabatini. Kumbe ndicho mke wangu anachotandika mezani, chini ya msalaba, wanajumuiya wakija kusali kwetu. Walisali wameziba pua.

Leo nimetumia gunia.

Jumanne, 4 Februari
Mke wangu, Mama Aneti, hasemi na mimi. Chai najimiminia. Jioni nimekata jani la isale nikampelekea kwa mikono miwili. Kwetu ukiombwa msamaha kwa isale hukatai. Amepokea. Halafu:

"Nimekusamehe wewe, Baba Aneti. Kahawa yako sijaisamehe."

Punje changa zinadondoka, antestia wamezifyonza. Wiki ijayo Valeri, kaka yake, anakuja na shoka. Mikahawa itoke, maparachichi yaingie. Mikahawa aliyopanda baba yangu.

Naogopa.

Ijumaa, 7 Februari
Nimepogoa. Antestia anapenda kichaka, kivuli kizito. Sasa jua linaona mpaka shina. Mgongo unauma, ila kijana gani angeweza?

Chini ya jani nimekuta mayai. Meupe, yamejipanga kama vifungo vya shati. Jani jingine mayai yake meusi. Hilo nimelitia kwenye chupa ya jemu, nikafunga mdomo kwa kitambaa. Kitambaa changu.

Mama Aneti: "Sasa unawafuga?"

Nimemwambia nawanenepesha, kaka yake asikose kitoweo. Amecheka kidogo.

Ijumaa, 14 Februari
Valeri kaja. Shoka, na bomba la dawa mgongoni. Nikamwekea chupa mbele ya pua.

Kwenye mayai meusi hakutoka antestia hata mmoja. Wametoka nyigu, wadogo kama pilipili manga iliyosagwa. Mama yao anataga ndani ya yai la antestia, mtoto anakula yai, anatoka yeye. Bwana shamba alishatuambia, nikadhani ananitania.

Nikawaambia majani yote niliyogeuza yako hivyo hivyo. Yote! Jeshi langu limeshaingia shambani.

"Shemeji, hata inzi wa chooni utasema umewatuma wewe."

Mama Aneti aliichukua chupa, akaigeuza juani. Akamwambia kaka yake arudi na shoka lake, tuone mavuno haya kwanza. Na dawa asipige, itaua nyigu pia.

Leo nitalala vizuri, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Jumatano, 19 Februari
Manyunyu. Mama Aneti amekuja shambani mwenyewe. Anageuza jani moja moja, mayai akiyaona anayaponda kwa kidole gumba. Nikashika mstari wa pili. Mengi sana. Meupe matupu. Aliyaona, akaendelea kuponda. Wakati wa kurudi amesema kesho tuanzie kule juu, kabla jua halijawaamsha antestia.

Ijumaa niliandika majani yote. Si yote. Mayai meusi yalikuwa kwenye jani moja tu, lile la kwenye chupa.