Mashua ya Kuzikwa

Mama Machogu,

Uji uko mekoni. Vipande vya ile mashua ndogo nimevianika uani. Usivisogeze karibu na moto, mbao zitapinda.

Asubuhi niliiweka kwenye beseni la maji nione kama itaelea, ikafunguka yote. Nilitumia gundi ya kuchemsha, ile ya vitanda, na maji huirudisha kuwa uji. Huku milimani nani amewahi kuniagiza kitu cha kuingia majini?

Ukasema kesho inazikwa badala ya mwili wa mtoto wetu, kwa kuwa ziwa halikumrudisha, na ikivuja udongoni nani atajua. Nikakutukana. Hukustahili.

Nimekwenda Kisii kutafuta gundi ya kuchanganya, ya vichupa viwili, ambayo maji hayaifungui. Na vanishi, nipake mara tatu, ndani na nje. Mwambie kaka yako Obwocha mazishi yangoje Jumapili, ikauke. ~~Akikataa, zikeni bila mimi.~~ Asikatae.

Ile mashua ya kuvulia samaki ambayo mtoto wetu aliajiriwa kufanyia kazi ilikuwa ikivuja. Aliniambia Krismasi, nikamjibu kazi ni kazi, arudi kazini.

Hii haitavuja.

Baba Machogu